Ndimu Nne na Gari la Bwana Mganga

Siku ya kwanza kazini nilikwenda na ndimu nne, nimezifunga kwenye pindo la kanga. Hakuna aliyenituma nazo. Mimi nilikuwa nimeitwa kufagia gereji ya Tajiri, pale Mtwara, enzi zile mji wenyewe bado mpya, bandari ndiyo inajengwa, malori yanapita kutwa mpaka kuku wamechoka kuyakimbia. Ndimu zilikuwa zangu za chai. Lakini ndizo zilizonipa kazi, na mafuta ya papa nusura yaninyang'anye. Sogeeni niwasimulie, wajukuu zangu, maana nikikumbuka nacheka peke yangu.

Basi nafagia, namwona Fundi Mkuu kainamia karai. Mtu mrefu, Myao, sauti yake chini kama anaongea na mgonjwa. Kwenye karai mlikuwa na vichwa vya waya, vile vishaba vinavyounganisha waya na betri au na taa. Vimeota ukijani mwororo, mzuri jamani, kama maji ya bahari ya Msimbati jua linapokuwa juu. Nikasimama na ufagio wangu, nimepotea kabisa.

"We binti, unatazama nini?"

"Natazama unavyoviumiza, Fundi." Alikuwa anavikwangua kwa kisu.

"Wewe ungefanyaje?"

"Mimi masinia ya shaba ya harusi, kijijini kwetu Mtawanya kote nasugua mimi."

Mafundi wakaangua kicheko. Bakari, fundi wa breki, mdomo wake haukujua kupumzika, akasema, "Mpe, Fundi! Akimaliza atupikie na pilau humohumo."

Nikafungua pindo. Nikakata ndimu, nikatia chumvi, nikasugua. Ukijani ukatoka, shaba ikawa nyekundu kama imezaliwa leo. Bakari akasogea kutazama. Fundi Mkuu akakigeuza kichwa kimoja juani, akakigeuza tena.

"Ufagio muachie mwingine," akasema.

Hapo ndipo nilipoanza kufundishwa. Fundi aliniambia moto wa gari unatoka kwenye betri, unapita kwenye waya, unafika kwenye taa, halafu lazima upate njia ya kurudi. Kutu ikikaa kwenye kiungo, moto unakwama. Na pwani yetu hewa yenyewe ina chumvi, inaingia mpaka mahali kidole hakiingii. Akanifundisha ndimu isiachwe juu ya shaba, itaila. Uoshe kwa maji baridi, uanike mpaka ikauke kabisa. Kwenye betri kunatoka unga mweupe, ule ni tindikali, unatoboa kanga. Ule tunaumwagia maji ya magadi, unachemka fyuuu, unatulia. Nilipenda sauti ile mpaka nikawa naiota. Palipobaki ugumu nasugua kwa majani ya msasa, nachuma mwenyewe njiani. Nikivishika vichwa vile nilijiona kama nasafisha njia ya kitu kisichoonekana, kinapita pembeni yangu kimyakimya.

Tajiri hakupenda. Alikuwa Mhindi, mtu wa swala tano, hana ukali, ila aibu tu. "Fundi, watu watasema nini? Mwanamke ndani ya boneti!"

"Watasema magari yanawaka, Tajiri."

Wakapatana hivi: nipewe gari la Bwana Mganga, daktari wa serikali, lile la kupita vijiji vya Madimba mpaka Msimbati, maana ndilo linalokunywa chumvi kuliko yote. Mvua zikiisha halijazimika njiani, nibaki. Likizimika, nirudi kwenye ufagio.

Mwe! Sikulala kwa kuliwaza gari lile. Nikafikiri, kwetu mbao za chombo zinapakwa sifa, mafuta ya ini la papa, maji ya bahari hayaingii. Sasa kwa nini waya usipakwe? Sikumuuliza mtu. Nikaja na kichupa, nikapaka kila kiungo, na waya zenyewe nikazipaka. Zamani waya zilivikwa kitambaa, basi kikanywa sifa vizuri. Nikafunga boneti, roho kwatu.

Siku ya tano, habari: gari limelala Madimba, Bwana Mganga kamaliza safari kwa miguu, na sanduku la dawa kichwani mwa mpagazi.

Tajiri akatoka uso umemvimba. Na aliyemgeukia siye mimi! Bakari ndiye aliyeingia chini ya gari lile mwisho, kukaza breki. "Umevuta waya, Bakari. Kusanya vitu vyako."

"Wallahi Tajiri, sikugusa waya!"

Hakuna aliyemwamini, maana mtu wa mzaha akisema kweli nayo inaonekana mzaha. Akaanza kufunga spana zake kwenye gunia. Mimi nimesimama, nanusa vidole vyangu. Sifa haitoki, hata ukiosha kwa majivu. Ningenyamaza, kazi ilikuwa yangu.

"Ni mimi," nikasema. "Nimepaka mafuta ya papa."

Fundi Mkuu akaziba uso kwa kiganja, mabega yakatikisika. Nikadhani analia. Kumbe anacheka!

"Panda lori," akaniambia. "Chukua ndimu na magadi."

Madimba, kufungua boneti, panya wawili wakaruka. Waya zimetafunwa kitambaa chote, zinagusana uchi. Wenyeji wakasema, "Sisi tulisema gari hili lina harufu ya kitoweo." Nikakata waya zilizoliwa, nikaunga nyingine, nikasugua vichwa vyote upya, nikaosha, nikakausha, nikakaza. Ndipo Fundi akanipa kopo la grisi. "Kidogo, kwa juu, ukishakaza. Si kabla." Bwana Mganga akapiga stata. Likawaka mara moja.

Kurudi, nikauchukua ufagio mwenyewe. Ahadi ni ahadi. Tajiri akaniangalia nafagia mpaka mlangoni, kisha akasema, "Hata mimi, ningekuwa wewe, nisingesema kweli. Weka huo chini, mwanangu."

Asubuhi yake kwenye meza yangu nikakuta ndimu nne. Bakari yuko chini ya gari, anapiga mluzi. Nikazifunga kwenye pindo.

Nimefanya kazi ile mpaka macho yakaanza kuona waya mmoja mara mbili. Siku hizi nikiona gari la zamani limetupwa kwenye mikorosho, nafungua boneti naangalia ukijani ule, naona kama vijana wenzangu wote wamo humo. Siku niliyoacha, nilitoka getini taratibu, mikono inanuka grisi. Bakari alikuwa mzee, kaacha kazi zamani, ana fimbo. Alinisubiri nje, na kitambaa kimefungwa fundo.

Nikafungua. Ndimu nne.

"Hizi," akasema, "sasa kanywee chai."