Mchanga wa Kuandikia

Mwaka ule wa korona, serikali ilipofunga shule, watu wazima wa kijiji chetu cha machimbo, upande wa Geita, hawakufungiwa. Makarasha yalisaga mawe kutwa, soko lilijaa, na kanisani tulikaa bega kwa bega tukimwomba Mungu atuepushe na ugonjwa wa misongamano. Waliofungiwa walikuwa watoto.

Mmoja alifungiwa kwa kufuli hasa. Alikuwa mwanafunzi wangu wa darasa la kwanza, akiishi na mama yake katika chumba cha kupanga, nyumba chache kutoka kwangu. Mama alifanya kazi mwaloni, pale mawe yaliyosagwa yanapooshwa kutafuta dhahabu. Ndugu zake wote walikuwa mbali. Asubuhi alimwachia mwanawe ugali kwenye sahani na ndoo kwenye kona, akabana kufuli, akaenda. Nilipomuuliza, alipiga goti kwanza akanisalimia kama alivyolelewa, ndipo akajibu: "Mwalimu, nje kuna ugonjwa, kuna malori, kuna wanaume. Nimwache na nani?"

Nilikasirika, ila sikujua nimkasirikie nani.

Nikawa napita mchana kuzungumza na mtoto kupitia upenyo wa mlango. Mwanzoni alinisimulia kila kitu: mjusi wa darini, njaa, jirani anayekoroma mchana kweupe. Baadaye akawa anajibu ndiyo na hapana. Mwisho akawa anagonga mlango kwa kidole, mara moja, basi. Huyu ndiye mtoto aliyekuwa akinichosha darasani kwa maswali. Niliogopa kwamba shule ingefunguliwa tukute hakuna tena mtoto wa kufundisha.

Nikamwendea mama yake, nikamwambia amlete barazani kwangu, akae na watoto wengine wanne wa jirani, kila mmoja na mkeka wake, mbalimbali. Mwenyekiti wa kijiji alinuna, akasema huo ni mkusanyiko. Nikamuuliza kama foleni ya kwenye karasha lake ni ibada ya mtu mmoja mmoja. Akaondoka zake.

Chaki zilikuwa zimefungiwa ofisini, na mwalimu mkuu alikuwa ameenda kwao Chato na funguo. Nikawaomba wazazi mchanga kidogo, watoto waandike kwa vidole kwenye sinia. Kesho yake mama yule alikuja wa kwanza, ndoo kichwani, mchanga wa kijivu, laini kama unga wa muhogo. "Wabeja, mayu," nikamshukuru kwa Kisukuma. Alicheka kwa furaha. Sikumuuliza alikoutoa. Mimi ni mtu wa Didia, kwetu tunalima na kufuga, na mchanga ni mchanga tu.

Mtoto alianza kurudi polepole. Kwanza alicheka mwenzake alipopiga chafya na kuipeperusha herufi yake. Halafu akaandika "mama", akaifuta, akaiandika tena. Asubuhi moja akaniuliza kama korona inajua kusoma.

"Kwa nini?"

"Tuiandikie irudi kwao."

Nilicheka mpaka machozi. Nilijiona nimeshinda kitu.

Bila shaka watoto walijisifu, na sifa zikafika mwaloni. Mwenye mwalo akaja na kiroba na koleo. Kumbe ule ulikuwa mchanga wa marudio, unaobaki baada ya kuosha. Una dhahabu kidogo bado, kwa hiyo hurundikwa na kuuzwa kwa wenye mitambo. Mama alijua. Aliona rundo kubwa kama kilima, mwanawe hana pa kuandikia, akachota ndoo moja.

"Mwalimu, nakuheshimu," mwenye mwalo alisema, "lakini hii ni mali yangu."

Tunasema maji yakimwagika hayazoleki. Mchanga unazoleka, niliushuhudia ukizolewa. Alimimina sinia moja baada ya nyingine kirobani, akizifuta kwa kiganja asiache kitu. Alipofika kwa yule mtoto, kidole chake kilikuwa bado mchangani. Alimsubiri akitoe. Nikawanawisha watoto kwa sabuni, sasa kwa hofu mbili, ya korona na ya zebaki wanayonasia dhahabu mwaloni.

Jioni mama alikuwa hana kazi. Nilikwenda kumwombea msamaha. "Leo ndoo, kesho kiroba," mwenye mwalo akanijibu, akaendelea kula. Nilimtukana njiani, peke yangu, matusi ambayo mwalimu hapaswi kuyajua.

Nilileta mchanga wa mtoni, lakini haikusaidia kitu. Zilikuja habari za rashi, machimbo mapya upande wa Kahama, dhahabu imelipuka, watu wanahama na masufuria. Mama akafunga vitu vyake. Nilimsihi aniachie mtoto mpaka shule ifunguliwe. Alipiga goti akanishukuru, akakataa. "Ni huyu tu niliye naye, mwalimu." Mtoto alikuwa amekaa juu ya furushi akitazama ukuta. Nilimwambia atakuja kuniandikia.

Shule ilipofunguliwa niliita majina, na nilipofika kwake darasa zima likaitikia, "Yuko rashi!" kwa furaha, kama vile ameenda kwenye harusi.

Baada ya muda mama alinipigia simu. Kazi ameipata, chumba wamepata, cha turubai lakini kina mlango. Shule? Iko mbali, ataangalia. Nikamwomba anipe mtoto nimsalimie. Niliita jina lake, nikaliita tena. Nikasikia kidole kikigonga simu, mara moja.

Mama akaichukua simu, sauti yake imejaa fahari. "Umemsikia? Ametulia sana siku hizi, hanisumbui. Hata kufuli siweki tena, mwalimu. Naacha mlango wazi, jioni namkuta palepale."