Uzi wa Kupimia Moscow

Dada yangu alipopata nafasi ya kwenda kusomea udaktari Moscow, mama aliniuliza swali moja tu: ni mbali kiasi gani? Nilikuwa mwalimu mpya wa jiografia, najua kila kitu. Nikamwambia nitapima.

Baba mkubwa, ambaye aliwahi kufika Nairobi mara moja na tangu hapo akawa mtaalamu wa mambo ya nje, aliona najisumbua.

"Ndege ni safari ya saa kumi," alisema. "Basi la Dar nalo saa kumi. Moscow ni kama Dar tu."

Hakuna aliyembishia. Alikuwa na suti.

Kesho yake niliweka rula kwenye ramani ya ukutani darasani, nikapata karibu kilomita elfu nane. Nikarudi nyumbani na kuzitangaza kwa fahari. Mama aliacha kumenya ndizi. Dada akaingia chumbani, akafunga mlango. Kazi nzuri, mwalimu.

Siku mbili baadaye ndipo nilipokumbuka tulichofundishwa chuoni: ramani bapa huzivuta nchi za kaskazini zikaonekana mbali kuliko zilivyo. Kilichotakiwa ni tufe la dunia. Shule ilikuwa nalo, limefungiwa kabatini kwa mwalimu mkuu, wanafunzi wasije wakalichakaza kwa kulitazama.

"Shikamoo mwalimu. Naomba lile tufe, nipime umbali."

"Marahaba. Unajua ni mali ya umma?"

Nilijua. Siku hizo kila kitu kilikuwa mali ya umma, hasa vile ambavyo umma haukuruhusiwa kuvigusa. Nikatia saini, naye akasimama pembeni yangu, nisije nikatoroka na dunia.

Nilinyoosha uzi wa kushonea kutoka kwetu Moshi hadi Moscow. Ukapanda moja kwa moja kaskazini. Kumbe miji hii miwili iko karibu kwenye mstari mmoja wa longitudo. Nikahesabu digrii hamsini na tisa, nikazidisha kwa kilomita mia na kumi na moja. Elfu sita na mia tano hivi.

Jioni nikampelekea mama habari kwamba nimempunguzia dada safari.

"Na kutoka hapa Old Moshi hadi sokoni mjini?" akauliza.

"Kama kumi."

Akanituma nihesabu: kwenda na kurudi, mara mbili kwa wiki, hadi zitimie zile elfu sita na mia tano. Ikaja miaka mitatu na kidogo.

"Mimi nina miaka ishirini nabeba ndizi kwenda huko," alisema. "Hiyo Moscow nimeshaipita zamani." Akacheka, kwa mara ya kwanza tangu barua ya masomo ilipofika. Dada akafungua mlango.

Barua yake ya kwanza kutoka Moscow ilieleza kwamba ndege haikufuata uzi wangu. Ilitua Cairo, ikaharibika, wakalala kwenye viti siku nzima. Baba mkubwa akasema hayo aliyajua tangu mwanzo.

Nikaanza kupiga hesabu upya, kupitia Cairo. Mama akaninyang'anya kalamu.

"Acha hayo. Muulize kama amepata sweta."