Ngamia Mzima kwa Nafasi ya Baba

Mimi shule niliiona kwa nje tu, nikipitisha mbuzi. Kusoma nilijifunza ukubwani, kidogo madrasa, kidogo kwenye risiti za soko. Kwa hiyo nitaandika kama ninavyosema: Idi ile nilimwonea wivu mdogo wangu, na wivu huo bado ninao.

Baba yetu ndiye aliyekuwa msemaji wa familia. Posa ikija, anajibu yeye. Vijana wakipigana kisimani, anaitwa yeye. Alipofariki nafasi ikabaki wazi. Ndipo adeer, ndugu mkubwa wa baba, akatuma neno kutoka Balambala kwamba atakuja Garissa kula Idi ya kuchinja nyumbani kwangu, na baada ya chakula atasema nani anaishika. Mkubwa ni mimi. Wasiwasi wangu ulikuwa huyo mdogo, mwenye digrii na ofisi. Watu wakimwona wanatabasamu kabla hajafungua mdomo. Mimi nikipita wananiamkia tu, basi.

Nikasema, watakula mpaka waisahau hiyo ofisi. Wengine huchangia ngamia mmoja watu saba. Mimi nilichinja peke yangu, tena dume la Wajir, limenona mpaka nundu imelala upande. Wali wa zabibu masinia kumi na mawili, ndizi pembeni, maziwa ya ngamia ndoo kwa ndoo. Mazulia nilitandika kutoka langoni mpaka jikoni.

Mdogo wangu akaja na katoni ya tende. Moja! Nikamwambia mbele ya watu, kama anavyoitwa mtoto, "Waryaa, wewe uliyekuja mikono mitupu, shika birika uwanawishe wageni."

Hiyo ni kazi ya wadogo wa nyumba. Nilitaka wamwone ameinama.

"Sawa, aboowe," akasema. Ndivyo tunavyomwita kaka mkubwa. Akakunja mikono ya kanzu yake nyeupe, akaanza.

Hapo nilikosea, walahi. Kwetu mzee akinawishwa humwombea dua anayemmiminia maji. Wazee arobaini, dua arobaini. "Mungu akuzidishie." "Mungu akupe watoto wema." Zote zikaenda kwake, ndani ya nyumba yangu, juu ya nyama yangu! Na yeye hamimini akapita. Anachuchumaa, anauliza. Mvua imefika kwenu? Yule ngamia aliyevunjika mguu amesimama? Mgonjwa anaendeleaje?

Mimi nilikuwa nazunguka na masinia, masikio yote upande wake. Nikaingia jikoni kwa mke wangu.

"Wanacheka nini kule?"

"Nenda ukawaulize. Si wewe mwenye nyumba?"

"Nina nyama ya kugawa."

"Basi gawa, mzee."

Nundu nilimwekea adeer mwenyewe. Nikakaa karibu yake nikamweleza nilivyolipata dume lile, nilivyowashinda wanunuzi wengine, umri wake, malisho yake. Alikula, akiitikia kwa kichwa.

Walipokwisha kula, mdogo wangu akapita tena na birika. Adeer alipokwisha kunawa alimshika mkono. Aliuinua juu watu wote wauone.

"Nafasi ya ndugu yangu ataishika huyu."

"Adeer," mdogo wangu akasema, "mkubwa yuko hapa. Nyumba hii ni yake."

"Najua ni ya nani. Meno yangu haya matatu yameijua leo kwa nyama yake."

Watu wakacheka. Kisha mzee akanigeukia. "Wewe, mwanangu, nimetoka Balambala. Umenipa habari za ngamia mmoja kutoka nyayo mpaka nundu. Mimi umeniuliza habari gani?"

Nikatafuta kichwani. Kwetu mgeni huulizwa habari kabla hajapewa hata maji, hilo hata asiyejua kuswali analijua. Mimi sikuwa nimemwuliza. Sikuwa nimeuliza hata kama mkewe ametoka hospitali.

"Nilikuwa kazini, adeer."

"Nimeona. Na kazi umeifanya vizuri."

Akasoma dua, na mimi nikaitikia amin kwa sauti kubwa kuliko wote. Wageni walipoondoka mke wangu akaniambia, "Kwa amin ile, majirani watadhani umechaguliwa wewe."

Sitadanganya kwamba moyo umetulia. Nilichunga ngamia wa baba juani ili huyu akae darasani kivulini, na leo dua ni zake, wazee ni wake. Adeer alisema kweli, lakini ukweli wake haunipunguzii kitu.

Wiki iliyofuata wazee wawili wa Lafey walibisha hodi kwangu. Nilifurahi, nikaagiza chai. Kumbe wanaitafuta nyumba ya msemaji wetu. Iko nyuma ya yangu, hatua chache tu. Nikawauliza habari zote, za mvua, za watoto, za wagonjwa, za barabara, sikuacha hata moja. Kisha nikatoka nao mpaka langoni nikawaonyesha njia ndefu, ile ya kuzunguka soko la mifugo.