Simu Iliyolia Jikoni

Mwanangu, nakumbuka siku moja ya Idd huko Jedda, na kila nikiikumbuka hutazama mkono wangu huu wa kulia nikauonea haya. Miaka ile wasichana wa Kenya walikuwa wakichukuliwa kwenda Saudia makundi kwa makundi, nami nilikuwa mmoja wao. Mvi hizi unazoziona hazikuwapo. Kiburi kilikuwapo, tena cha kutosha ukoo mzima.

Nilizaliwa Mombasa, Mji wa Kale, katika nyumba ambamo watoto hufundishwa nasaba kabla ya kufundishwa kuosha vyombo. Babu wa babu yangu alitoka Hadhramaut. Mzee huyo alikufa zamani, hata kaburi lake hatulijui, lakini mimi nilimbeba mpaka Riyadh kama hirizi. Mimi ni mweusi, unaniona. Ila ungeniuliza enzi hizo mimi ni nani, ningekwambia ni Mwarabu, na ungecheka ningekasirika.

Tulikuwa wafanyakazi wawili kwa madam mmoja, nyumba yake iko Riyadh, upande wa Shumaisi. Mwenzangu aliitwa Ndunge, Mkamba wa Makueni, Mkristo, mwenye kicheko cha kusikika mpaka ghorofa ya juu. Madam hakuwahi kuniuliza habari za babu yangu. Kwake sote tulikuwa shaghala, yaani mtumishi wa nyumbani. Akiita mmoja tunakwenda wawili. Jambo hilo liliniuma, na badala ya kumkasirikia aliyeniita, nikamkasirikia aliyeitwa pamoja nami. Nikaanza kula peke yangu. Ndunge akipakua chakula kwenye sinia letu, mimi nachukua changu kwenye sahani nakwenda kukaa karibu na mashine ya kufulia. Alinikaribisha mwezi mzima, kisha akachoka. Nyani haoni kundule, mwanangu.

Idd ilipokaribia tukapelekwa Jedda kwa gari, nyumbani kwa wazazi wa madam katika mtaa wa Ruwais. Kabla ya kufika Makka, baba mwenye nyumba akachepuka akashika barabara ya wasio Waislamu, kwa sababu Ndunge alikuwa garini. Mimi nilikuwa nimetamani kuiona japo minara kwa mbali. Nikamnunia safari yote iliyobaki, na yeye maskini hata hakujua, kwani alikuwa amelala, kichwa juu ya mfuko wa nepi za mtoto.

Asubuhi ya Idd madam akanikabidhi birika la kahawa. Kule si kila mtu hukabidhiwa birika. Hushikwa kwa mkono wa kushoto, vikombe kwa mkono wa kulia, na wa kwanza kumiminiwa ni mgeni mwenye heshima kuliko wote. Mimi kahawa nimeikuta kwetu, kuishika naijua. Nikasimama mlangoni kichwa juu, nawapokea wanawake na manukato yao, huku Ndunge akihangaika na masufuria jikoni. Nilijiambia, leo wameona tofauti yetu.

Ndipo akaingia mama mmoja mzee, mweusi kama mimi, abaya yake imepauka, amebeba chungu kilichofungwa kitambaa. Sikumuuliza jina. Salamu yenyewe sikumpa, mimi niliyelelewa kwa shikamoo. Nilinyoosha mkono huu huu nikamwambia kwa Kiarabu changu cha kuokoteza, "Jikoni ni kule nyuma. Wafanyakazi hawapiti hapa."

Alinitazama kidogo, akautazama mkono, akaenda zake jikoni.

Ukumbi ukajaa, lakini madam hakuniruhusu kumimina. Akasema hatuanzi mpaka Mama Zahra afike. Nikamnong'oneza binti mmoja wa ukoo, Mama Zahra ndiye nani? Akanieleza kuwa ndiye aliyemnyonyesha madam uchangani, mama yake mzazi alipougua baada ya kujifungua. Kwa dini yetu aliyekunyonyesha ni mama yako, na wanawe ni ndugu zako. Wazee wa Mama Zahra walikuja kuhiji kutoka Afrika Magharibi wakabaki, naye amezaliwa hapo hapo Ruwais, hana kwao kwingine. Nilikuwa bado nasikiliza wakati madam alipochukua simu akampigia.

Simu ikalia jikoni.

Damu ilinikauka, mwanangu. Sijapata kushtuka vile tangu nizaliwe, na nimezika wazazi wote wawili. Madam akainuka, wanawake wakamfuata, nami nyuma yao na birika langu. Tulimkuta Mama Zahra ameketi kwenye mkeka wa Ndunge, ameegemea mto wa Ndunge, anakunywa chai kwa kikombe cha Ndunge. Kati yao lilikuwa sinia letu, lile nililolikataa mimi.

Madam hakuuliza. Alimgeukia Ndunge moja kwa moja akasema huyu hana adabu, hajui mgeni wala mtumishi, na Idd ikiisha atarudishwa kwa wakala. Kurudishwa kwa wakala kulikuwa kufungiwa chumbani pamoja na wengine, ukingoja nyumba usiyoijua, pengine mbaya kuliko uliyoitoka. Ndunge alikuwa na watoto wawili kwa mama yake. Hakuelewa amekosa nini. Akanitazama mimi nimtafsirie, maana kati yetu mimi ndiye niliyejua Kiarabu.

Nikanyamaza. Nakwambia kama ilivyokuwa, sijipambi. Nilijua kosa ni la nani, nikauangalia uso wa mwenzangu, nikanyamaza.

Mama Zahra akakiweka kikombe chini. "Huyu ndiye aliyenikaribisha," akasema. "Aliyenileta huku ni yule mwenye birika."

Ukivuliwa nguo, chutama. Nilipiga magoti pale pale nikasema, "Nisamehe, mama. Sikujua kuwa wewe ni mama yake madam."

Hakunifokea, afadhali angenifokea. Aliniuliza taratibu, "Na kama ningekuwa mfanyakazi kweli, ungekuwa hukukosea?"

Akaniuliza kwetu ni wapi. Babu wa Hadhramaut, niliyembeba miaka yote, siku hiyo hakupita kooni. Nikasema, "Kenya. Mimi na huyu Ndunge." Akanisogezea sinia, akaniambia nikae nile. Madam alipomsihi waende ukumbini, akajibu kwamba atakwenda akimaliza chakula chake, na kama kuna kahawa iletwe hapo. Basi kikombe cha kwanza nilikimimina jikoni, na madam amesimama mlangoni hajui atazame wapi. Nadhani swali nililoulizwa mimi lilimfikia naye.

Ndunge hakurudishwa. Mimi pia sikurudishwa, ila birika sikukabidhiwa tena.

Tuliporudi Riyadh nilikuwa nakula naye sinia moja. Siku moja mchana, akimenya vitunguu, akaniuliza kama anayeuliza bei ya nyanya, "Mwanaisha, huyo mama angenyamaza, wewe ungesema ukweli?" Nikamjibu ningesema. Akanitazama, akatabasamu kidogo, akaendelea na vitunguu vyake. Hakuniamini, wala mimi sikujiamini. Hilo la mkono nimekwisha kulitubia. La kunyamaza ndilo linalonishtua mpaka leo, maana hadi siku ile nilijiona mtu mwema.

Basi wewe unayetafuta pasipoti uende huko huko, nisikilize. Nasaba yako ijue, ipende, uwasimulie wanao, lakini usiifanye ngazi ya kumkanyaga mwenzako. Uungwana ni vitendo, waliokula chumvi nyingi walishasema, na siku hiyo muungwana alikuwa Ndunge. Utafika mahali watu watakupangia daraja kwa ngozi yako; usiwasaidie kazi hiyo kwa kumpangia mwingine chini yako. Ukikutana na mtu mlangoni, msalimu kwanza, mengine utayajua baadaye. Na ukila, kula na wenzako.

Mungu akufikishe salama, akurudishe kwa mama yako na uso ule ule uliotoka nao. Na siku mwenzako atakapokutazama akingoja neno lako, Mungu aufungue ulimi wako kabla mwingine hajasema.