Homa ya Uongo

Nilipostaafu ualimu nilijizoesha kukaa. Asubuhi chai ya maziwa na chapati, mchana wali wa nazi, alasiri mihogo ya kukaanga kwa mama mmoja aliyekuwa na karai lake karibu na stendi ya Lindi. Mke wangu alinionya, nami nikawa namjibu kwamba nimesimama mbele ya ubao miaka mingi, sasa ni zamu ya kupumzika. Kisha ikaja kiu isiyokatika, na magazeti yakaanza kunishinda kusoma hata kwa miwani. Hospitali walinipima na kuniambia nina sukari.

Siku yangu ya kwanza kliniki, kwenye benchi la kungojea, nilimkuta jirani yangu. Alikuwa Mhindi mwenye duka la vitambaa, mtaa wa pili kutoka kwangu. Babu yake ndiye aliyelifungua duka hilo, na yeye mwenyewe alizaliwa kwenye chumba kilicho nyuma yake. Siku zote tulikuwa watu wa salamu tu. Pale kliniki kila mmoja alimwonea mwenzake haya, kama wanafunzi wawili waliokamatwa wakila darasani.

Muuguzi alitueleza habari ya chakula, akatutaka tutembee kila siku angalau nusu saa. Alipogeuka, jirani akaniinamia.

"Mwalimu, mimi haya nimeshaambiwa mara tatu. Naanza Jumatatu, ikifika Alhamisi nimeacha."

"Safari hii huachi," nikamwambia. "Hutakuwa peke yako. Tutatembea wote."

Nilisema kwa kiburi cha mtu aliyezoea kusikilizwa. Yeye aliyachukua maneno yale kwa uzito zaidi kuliko mimi niliyeyatoa.

Tukapanga kwamba, kwa kuwa nyumba yangu iko njiani kuelekea pwani, yeye ndiye awe ananipitia baada ya sala ya alfajiri. Alikuja siku ya kwanza amevaa raba nyeupe alizoletewa na binti yake kutoka Dar es Salaam, na kanzu juu yake. Tulipita uwanja wa mpira, tukashuka hadi kwenye kivuko cha kwenda Kitunda, tukarudi. Wiki ile ya kwanza alisimama kila baada ya nguzo chache za umeme, akijifanya ananionyesha kitu: hapa palikuwa na ghala, pale alifundishwa baiskeli. Mimi nami nilishukuru kimoyomoyo, maana pumzi zilikuwa zimeniishia.

Baada ya miezi miwili tulikuwa tunafika kivukoni bila kusimama. Soda aliyozoea kunywa dukani aliiacha, na wateja waliomshangaa aliwaambia mwalimu kamkataza. Kliniki pia tulikwenda pamoja. Mtu mzima yule aliogopa sindano, hata ile ndogo ya kutoboa kidole. Alinishika mkono na kutazama ukutani mpaka imalizike. Watoto wake wote walikuwa mbali, na mkewe hakuweza kuvumilia harufu ya hospitali. Kwa hiyo mtu wa kwenda naye nilikuwa mimi tu. Vipimo vyetu vikashuka, muuguzi akatutolea mfano kwa wenzetu, nami nikarudi nyumbani nikitembea kama niliyeshinda mtihani.

Ramadhani ilipoingia tukapumzika kutembea. Hilo halikuwa kosa. Kosa ni kwamba nilipofuturu nilifuturu kwelikweli: kaimati, tambi, magimbi ya nazi, na uji wenye sukari ya kutosha watu watatu. Baada ya Idi jirani akaja kunigongea kama kawaida. Nikatoka siku mbili. Siku ya tatu kulikuwa na manyunyu, nikasema tusubiri mvua iishe. Iliisha, nikasema nina wageni. Wageni walipoondoka nikasema goti linaniuma. Yeye kila siku alikuja, na kila siku aliitikia vizuri, akaenda peke yake.

Asubuhi moja nilisikia hodi nikiwa nimekaa kitandani, macho makavu, sina hata goti la kusingizia. Nikamwambia mke wangu, "Mwambie nina homa."

Mke wangu alijitanda kanga. Kisha akaenda kuusema uongo wangu mlangoni. Nilimsikia jirani akiuliza kama nimepima malaria, kama nimeweza kula, kama atuitie gari. Niliinuka nikaushikilia mlango wa chumba ili usilie.

Alasiri ile homa yangu ilinipeleka kwa mama wa mihogo. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi lake, sahani mapajani, pilipili na chumvi pembeni, nilipomwona jirani anakuja na mfuko wa machungwa. Alikuwa amefunga duka mapema apitie kwangu kunijulia hali. Hapakuwa na pa kujificha. Alisimama mbele yangu, akaitazama sahani, akanitazama mimi.

"Afadhali umeinuka, mwalimu," akasema. "Pole sana."

Akaweka machungwa kwenye benchi, akaenda zake. Laiti angenitukana, tungecheka na yakaisha.

Kesho yake hakuja, wala keshokutwa. Nilitakiwa kwenda kwake siku ileile nikamwombe radhi. Ni mwendo wa dakika tatu. Badala yake nikaanza kupita njia nyingine nisipite dukani kwake. Kliniki nilibadilisha siku, ili tusikutane kwenye benchi. Nilijiambia kwamba yeye ni mtu mzima, ana raba zake na miguu yake, anajua njia ya kivukoni. Na ukweli ni kwamba usingizi wa asubuhi ulikuwa mtamu.

Miezi ikapita hivyo. Siku moja mke wangu akarudi kutoka sokoni na habari kwamba duka la jirani limefungwa tangu juzi, mwenyewe kachukuliwa na binti yake kupelekwa Dar es Salaam. Alikuwa na kidonda mguuni kilichoanza kama mchubuko mdogo. Hakukionyesha kwa mtu. Kliniki alikuwa hajakanyaga tangu lini, hakuna aliyejua isipokuwa mimi, niliyeweza kuhesabu mwezi hadi mwezi tangu nilipobadilisha siku yangu nikamwacha aende peke yake.

Mguu ulikatwa chini ya goti. Nilikaa na simu siku nyingi kabla ya kumpigia. Nilipompigia, sauti yake ilikuwa ya mtu anayefurahi, akauliza habari za mtaa, za mke wangu, za sukari yangu. Mimi nikashindwa kuvumilia.

"Siku ile sikuwa na homa," nikamwambia.

"Nilijua tangu mlangoni. Mkeo hajui kusema uongo. Machungwa yalikuwa kisingizio cha kuja kukuona."

"Mbona hukuja tena?"

"Nilikuwa nimekugongea siku nyingi, mwalimu. Nikasema safari hii anigongee yeye. Nilivaa raba nikakaa barazani. Siku nyingi tu nilivaa."

Nikaanza kumwuliza habari za binti yake. Yeye ndiye aliyeniokoa, akasema simu inaisha chaji, akaniaga na kuniombea afya.

Daktari mmoja aliwahi kuniambia kwamba kidonda cha mwenye sukari kinaweza kumpata hata anayefuata kila kitu, na kwamba nisijibebeshe kila jambo. Huenda ni kweli. Lakini najua nilivyomshawishi mtu asiyejiamini aniegemee, kisha nikasogea pembeni.

Sasa natembea, ingawa si kila siku. Ziko asubuhi ambazo mwili unakataa, na hakuna anayebisha hodi kuniinua, basi nalala. Ninapokwenda, nakwenda mpaka kivukoni. Wiki iliyopita kipimo kilisoma vizuri na muuguzi akanisifu mbele ya watu, akawaambia wamwige mwalimu. Nilimwomba aache. Alidhani naona haya, akaendelea kunisifu.