Kidole kwa Kila Kichwa

Kwao Delmar Gerdes, magharibi kabisa ya Nebraska, mtu akipishana na gari hapungi mkono. Anainua kidole juu ya usukani, basi, salamu imetoka. Wilaya nyingi za huku kwetu hufanya hivyo, lakini watu wa kwao Delmar wana yao ya ziada: wanahesabu vichwa. Gari lina mtu mmoja, kidole kimoja. Lina wawili, vidole viwili. Arlys alipoelezwa habari hii kwa mara ya kwanza, bi harusi wa siku nne, alicheka mpaka akashika mbavu.

"Na likija basi la shule?"

"Basi la shule unavua kofia," Delmar akajibu, uso mkavu.

"Haya, na gari la maiti?"

"Hapo unamhesabu dereva peke yake, mke wangu. Sisi hatuhesabu maiti."

Huyo ndiye Arlys aliyekuja kuendesha basi la shule miaka thelathini na moja. Theluji mpaka magotini, ukungu, matope ya Machi, na siku zote watoto wakafika kwao wakiwa wazima, wengine bado wamelala. Kwa hiyo mtu akimwambia Arlys Gerdes kwamba hajui njia, alikuwa anatafuta ugomvi, tena angeupata.

Basi hilo lilikuwa kazi. Raha yake ilikuwa Septemba. Kila Septemba yeye na Delmar walitoka Nebraska mashariki wakakata nchi mpaka Montana, kwa vibarabara tu. Barabara kuu ya njia nne Delmar aliiita mfereji, na alisema mtu mzima hasafiri kwenye mfereji. Arlys ndiye aliyeshika usukani. Delmar alikaa pembeni na kofia yake ya mkeka, anamumunya peremende, anasikiliza redio ikitaja bei za ndama wa miji ambayo hawajawahi kulala. Saa nne wanasimama kula pai ya cheri. Jioni wanakaa kwenye viti vya chuma nje ya mlango wa moteli, miguu juu ya ukingo, wanatazama radi zikipiga mbali, kwenye mashamba ya watu wengine. Mtu akiniuliza starehe ni nini, nitamjibu kiti kile cha chuma, na asiyeelewa shauri yake.

Ramani hawakuwa nayo. Delmar alikuwa mtu wa kufa kuliko kuuliza njia. Miaka arobaini na tisa ya ndoa, hajamsimamisha mtu hata mmoja akamwambia, samahani bwana, tumepotea. Alikuwa na kanuni moja tu. Kila mji wa huko una ghala lake refu jeupe la nafaka, unaliona kabla ya kuuona mji wenyewe, na ukielekea magharibi kwao Delmar maghala yote yako upande wa reli, kushoto. "Ukiwa na shaka," alikuwa akisema, "weka ghala mkono wa kushoto, utafika."

Delmar alikufa Februari.

Aprili, Arlys alitoka kwenda kununua mayai. Polisi walimkuta mji wa maili arobaini kutoka kwake, ameegesha mbele ya shule iliyofungwa miaka mingi, injini inanguruma na taa za dharura zinawaka, kama basi linalosubiri watoto. Binti yake, Renae, alikuja usiku uleule.

"Mama, mara hii nimenyamaza," Renae akasema. "Ukipotea tena, ufunguo wa gari nauchukua. Sitanii."

"Sikupotea. Nilikuwa nakumbuka."

"Mama!"

"Usinipigie kelele ndani ya nyumba yangu."

Lakini alipobaki peke yake alilia. Nyumbani Delmar hayupo. Kitandani hayupo, makaburini ndiyo kabisa hayupo, pale kuna jiwe tu. Mahali ambapo hajaondoka ni ndani ya gari lao, ile Buick nyeupe. Humo Arlys aliweza kumsemesha bila kujiona kichaa. Huo ufunguo Renae aliouita wa gari, kwake ulikuwa mlango wa mwisho.

Basi Septemba ilipofika akaondoka, Jumanne, kabla Renae hajapiga simu ya asubuhi. Ubishi ule, sikio la kufa halisikii dawa. Alibandika karatasi kwenye friji: *Nimekwenda Montana. Maua yamwagiliwe.* Kwenye kiti cha Delmar aliweka boksi la barafu lenye sandwichi za yai na achari ya matango. Gari likaanza kulia ting, ting, likidhani pana mtu, akalifunga boksi mkanda. Juu ya boksi akaweka ile kofia ya mkeka.

"Umekaa vizuri?" akaiuliza, akaondoa gari.

Siku ya kwanza ilikwenda kama maji. Mahindi yamekauka kote, mashine zinavuna, kila dereva kidole juu. Alilala moteli, akakaa kiti chake cha chuma, cha pili akakiacha wazi. Siku ya pili, saa nne asubuhi, alikuwa ameingia wilaya ya kwao Delmar alipokuta lami imefungwa. Kibao cha rangi ya chungwa kikamwelekeza barabara ya changarawe. Akafuata. Kibao cha pili, ambacho kingemrudisha kwenye lami, upepo ulikuwa umekiangusha mtaroni kifudifudi.

Arlys akawa na shaka. Akatazama. Ghala jeupe lile pale, kushoto. Akatulia.

Barabara ilikuwa imenyooka, na haina mtu. Alipita safu ya masanduku matano ya barua kwenye nguzo moja, la mwisho mlango wake uko wazi, unaning'inia. Mbele yake vumbi likainuka, ikatokea pikapu ya kijani ya zamani, nyuma imejaa mahindi. Mzee mmoja kwenye usukani. Walipokaribiana, mzee akainua vidole viwili.

Arlys akamjibu kwa kimoja, kwa mazoea. Alikuwa ameshampita alipofikiri. Viwili?

Akageuka kutazama kiti cha pembeni. Kofia. Boksi.

"Ameona kofia yako huyo," akasema, akacheka kidogo. "Macho ya uzee."

Barabara ikafika mwisho kwenye ua wa waya. Akapinda kushoto, ili ghala lisimpotee. Baadaye kushoto tena. Upepo ulikuwa umekufa. Si kawaida ya huko, huko upepo haulali, na jua la mchana lilikuwa jeupe mno, mabua ya mahindi yamesimama bila kutikisika hata jani. Redio ilikuwa imenyamaza, haijulikani tangu saa ngapi. Akapinda kushoto.

Pikapu ya kijani ikaja tena kutoka mbele. Mzee yuleyule. Arlys aliapa baadaye kwamba hakuna gari lililompita kutoka nyuma, na macho hayana pazia, angeliona. Mzee akamtazama, akatazama kiti cha pembeni, akainua vidole viwili.

Safari hii Arlys hakujibu. Na ndani ya gari, madirisha yote yamefungwa, pakaanza kunukia peremende.

"Delmar," akasema polepole. "Acha."

Hakuthubutu kugeuka. Aliona kwa pembe ya jicho kwamba upande ule pana kivuli kilichozidi boksi. Au hapana. Aliogopa mambo mawili kwa pamoja: ama mumewe amekaa pale, ama kichwa chake yeye kimekwisha. Nao uchaguzi haukumsumbua. Alimwomba Mungu, kwa sauti, iwe la kwanza. Maana likiwa la pili Renae ana haki, na ufunguo umekwenda.

Kisha akayaona masanduku ya barua. Matano. La mwisho mlango wazi, unaning'inia.

Masanduku yote yanafanana, akajiambia. Ghala lilikuwa kushoto. Kanuni ni kanuni. Akaendelea, akapinda, akapinda tena. Alipofika mbele ya masanduku yale mara ya tatu, alimwona mzee wa pikapu ya kijani akimjia, wakapishana, na kwenye kioo akaona taa nyekundu za pikapu zinawaka. Imesimama. Inageuza. Inamfuata ikipiga honi.

Arlys akakanyaga breki, akafunga macho.

"Hujambo, mama." Mzee alikuwa dirishani, mrefu, mkono juu ya paa la gari. "Mimi Virgil Kucera, shamba ni hili. Mmepotea?"

"Sijapotea. Niko njiani naenda Montana."

"Montana huendi kwa mtindo huu, mama. Unalizunguka ghala letu, hii mara ya tatu. Mimi napeleka mahindi narudi, kila safari nakutana nawe."

Arlys akalitazama ghala. Kushoto. Bila shaka kushoto. Mtu akiweka kitu mkono wa kushoto akakishikilia, atakizunguka mpaka afe. Kwenye lami ile kanuni ilifanya kazi kwa sababu lami haipindi. Akaona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

"Nilidhani mnatembea, mnatazama mavuno," Virgil akasema. "Watu wa mjini mna mambo yenu. Nisingekusimamisha. Ila bwana safari hii amenipungia mkono mzima." Akafungua kiganja chake, akakishusha polepole, mara mbili. Simama, simama. "Huku mtu hapungi mkono mzima ila kuna jambo. Nikasema, huyo mzee anaomba msaada."

"Bwana gani?"

"Si huyu mwenye kofia..." Virgil akainama achungulie. Akatazama boksi. Akatazama mkanda. Akavua kofia yake mwenyewe, akaishika kifuani.

"Alikuwa hapo," akasema.

"Alikufa Februari."

"Mama, mimi macho yangu yamefanyiwa upasuaji juzi tu, naona mpaka mdudu." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Bega lake lilifika hapa kwenye kioo. Nilimhesabu mara mbili. Na sisi hatuhesabu maiti."

Kisha Virgil, mtu muungwana, akanyoosha mkono. "Lami iko kule. Nenda moja kwa moja, usipinde popote, dakika kumi umefika. Mimi sitamwambia mtu."

Njia ilikuwa wazi. Hakuna ambaye angejua. Arlys akashika ufunguo awashe, na hapo ndipo lilipomwingia. Delmar, aliyekuwa radhi kufa kuliko kuuliza njia! Delmar, ambaye waliwahi kulala kwenye shamba la viazi kwa sababu hakutaka kugonga mlango wenye taa! Mtu huyo amemsimamisha mgeni barabarani, tena ameshakufa, kwa ajili yake. Basi jambo limekuwa kubwa. Na Renae angeweza kubishana naye mpaka kesho. Na Delmar hakuwa na la kubishana.

Akauchomoa ufunguo, akampa Virgil.

"Nyumbani kwako pana simu?"

Renae alifika kesho yake asubuhi, ameletwa na mumewe, naye mumewe akatangulia kurudi. Alikuwa amejiandaa kwa vita, lilionekana usoni. Lakini alikuta ufunguo uko mezani kwa Virgil, kando ya kikombe cha kahawa, na mama yake amekaa mikono mapajani.

"Mama..."

"Chukua tu, mwanangu. Usiseme kitu."

Wakalitoa boksi wakaliweka nyuma. Arlys akazunguka gari upande ambao hakuwahi kuukalia, akafungua mlango. "Sogea kidogo," akanong'ona, akaketi, kofia akaipakata. Peremende haikunukia. Alivuta pumzi mara nyingi kuhakikisha, Renae akadhani mama yake analia, akamshika goti.

Tangu alfajiri alikuwa amepiga hesabu yake. Mimi, Renae, na yeye. Ufunguo nimeutoa, lakini gari ni lilelile, kofia ni ileile, na mtu anaweza kuhamia kiti cha nyuma. Watatu. Virgil alikuwa getini karibu na pikapu yake, anangoja kuwaaga. Gari lilipomkaribia, Arlys alishusha kioo ili mzee aone vizuri.

Virgil alielewa anachoombwa. Aliinama, akaangalia ndani kwa makini, kiti cha mbele, kiti cha nyuma, akarudia. Alikuwa mtu wa kweli, asingeweza kudanganya hata kwa huruma. Kisha akajinyoosha, akainua mkono.

Vidole viwili.

Renae akainua chake kimoja, akaingiza gari barabarani. Arlys aligeuka kitini akatazama nyuma, na alivitazama vile vidole akingojea cha tatu, mpaka vumbi likamfunika Virgil na geti lake.