Kwa Mbali Sana

Nilikuwa nageuza samaki kwenye tanuri la moshi simu ilipoita kutoka hospitali. Dada yangu Araba amekata roho. Nikaanza kusema, "Bwana alitoa," nikashindwa kumaliza. Hasira ilitangulia machozi.

Araba alifundisha Kiingereza cha kuandika hapa Saltpond, pwani ya Ghana, tangu ujana wake. Wanafunzi walipenda kurundika maneno: fulani ni mwema kuliko wote, tena kwa mbali, tena kwa mbali mno. Hakuwakataza. Aliuliza tu, "Kwa mbali? Nionyeshe huo umbali." Aliyeshindwa kuuonyesha, neno lake lilipigwa mstari mwekundu.

Mjomba Kwansa, mkuu wa ukoo wetu, hakukanyaga kwa Araba alipougua. Paa lilivuja juu ya kitanda. Mimi ndiye niliyekinga mabeseni. Mwili ulipokuwa mochari ndipo akaja na mafundi, bati jipya na rangi ya samawati, wageni wa Akra wasije wakatucheka. Akaleta na kijitabu cha mazishi, kimeshachapwa. Chini ya jina langu, maneno ambayo sikuyaandika: ukoo ulimtunza Araba vizuri, kwa mbali mno, kuliko ukoo wowote pwani hii.

"Mjomba, nani kaandika haya?"

"Kijana wa kiwanda cha uchapaji. Kiingereza kimenyooka, eti?"

"Mlimtunza vizuri kuliko nani? Kuliko mbuzi wako? Maana yule ana paa."

"We Efuwa! Mazishi si darasa. Utasimama kanisani, utasoma kilichoandikwa."

"Namwogopa Mungu kuliko ninavyokuogopa wewe, mjomba. Kwa mbali sana."

Jumamosi nilipoitwa mbele, nilikifunga kijitabu. Nikasema kwa Kiingereza alichonifundisha Araba mwenyewe:

"Araba alikuwa mkubwa wangu. Alikuwa mvumilivu kuliko mimi, kwa mbali sana. Umbali wenyewe ni huu: alilala chini ya paa linalovuja, na kila jioni aliwaombea ninyi mliokaa viti vya mbele. Mimi siwezi. Bado."

Mjomba aliangalia viatu vyake.

Kisha tukaimba, tukamsindikiza makaburini. Mchungaji akaomba. Jeneza likashushwa kwa kamba. Nikatupa udongo, mjomba akatupa wake, vijana wakajaza kaburi kwa sepetu.